Anzia Pale Mkono Wako Ulipopita

Hotuba kwa mafundi vijana na madereva wa malori, Nyakato, Mwanza

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni. Vijana, hamjambo? Madereva na utingo mliosimama kule kwenye kivuli cha trela, sogeeni karibu. Maneno haya yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Nimeombwa niseme neno kwa vijana wanaomaliza kujifunza kazi. Walionialika walitegemea nizungumzie nidhamu, kuamka mapema na kutunza spana za watu. Hayo mmeshaambiwa, na mtaambiwa tena. Mimi nimechagua jambo moja tu, kwa sababu nimeliona likitia watu hasara katika mji huu tangu nikiwa kijana kama ninyi. Lori linaingia kwa sevisi likiwa zima. Linabadilishiwa oili na filta, linatoka, na geji ya presha ya dizeli inasoma chini kuliko ilivyokuwa inasoma lilipoingia. Hapo fundi anafanya nini?

Nitawaambia kwanza nilichofanya mimi.

Nilimfanyia sevisi mzee mmoja aliyekuwa na lori la kubebea pamba. Nikabadili oili, filta ya oili na filta zote mbili za dizeli. Jioni likawaka bila shida, likapakiwa robota, likaondoka usiku kwenda Dar es Salaam. Kesho yake utingo akapiga simu kutoka Shelui, chini ya mlima Sekenke. Alisema tambarare yote ya Wembere wamekuja vizuri, lakini mlimani gari haipandi, inakata nguvu, geji ya dizeli inashuka na sindano yake inacheza. Nikamjibu kwa simu, sijaona kitu, sijagusa kitu: pampu imekufa. Mzee akaniamini. Akauza ng'ombe, akanunua pampu, ikapelekwa, ikafungwa pale pale kando ya barabara. Gari haikupanda.

Siku ya tatu akaja fundi mtu mzima kutoka Singida. Hakuuliza habari za pampu. Aliuliza, “Sevisi ilifanyika lini?” Akafungua filta ya kwanza, ile iliyo kabla ya pampu, akakuta mipira miwili ya kuzibia. Mpira wa filta kuukuu ulikuwa umenata juu kwenye kichwa cha filta, nami nimefunga filta mpya yenye mpira wake juu ya ule. Kwenye barabara tambarare injini iliweza kustahimili. Injini ilipotaka dizeli nyingi pale mlimani, ikawa inanyonya hewa katikati ya mipira ile miwili. Pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Mzee yule hakunigombeza. Alininyamazia, na nyinyi mnajua uzito wa mzee kukunyamazia. Ng'ombe wake nilimlipa, ilinichukua zaidi ya msimu mmoja wa pamba. Tangu siku hiyo sijawahi kulaumu pampu kabla ya kurudi mahali mkono wangu ulipopita mwisho.

Vijana, lishikeni hili. Pampu iliyokuwa inatoa presha nzuri asubuhi lori lilipoingia getini haina sababu ya kufa kwa kuwa umebadilisha oili. Inaweza kutokea, vyuma vina siku zake, lakini iweke mwisho wa foleni. Mwanzo wa foleni kaa wewe na vile ulivyovigusa: filta, mipira ya kuzibia, wosha za shaba, mabomba uliyoyasogeza ili mkono upite, soketi ya sensa, yaani kifaa kinachopima na kupeleka ishara kwa waya, uliyoichomoa ukasahau kuisukuma mpaka ikalia.

Kabla hata ya hapo, iulize geji yenyewe. Alikuja dereva mmoja hapa kwetu amechanganyikiwa. Kabla ya sevisi alikuwa akisoma 60, baada ya sevisi anasoma 4. Geji yake ilikuwa imevunjika kioo, wakamfungia nyingine. Ya kwanza ilisoma kwa psi, ya pili kwa bar. Bar 1 ni kama psi 14.5, kwa hiyo 60 yake ya zamani na 4 yake mpya ni presha ile ile. Ukikutana na kilopaskali, bar 1 ni kilopaskali 100. Andikeni hizi namba ukutani gerejini. Yule dereva alikuwa ameshaambiwa na mtu bei ya pampu.

Jambo lingine kuhusu geji ni mahali ilipofungwa. Ikiwa kabla ya filta ya pili, ile iliyo mbele ya pampu, inasoma nguvu ya pampu. Ikiwa baada ya filta hiyo inasoma kile kilichobaki baada ya dizeli kujipenyeza kwenye karatasi ya filta. Ukihamisha geji wakati wa sevisi umepata kipimo kingine kabisa, usikilinganishe na cha jana. Na ulinganishe injini ya moto na injini ya moto, sailensa na sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Dizeli iliyopata moto huwa nyepesi, presha yake hushuka kidogo, na hilo si ugonjwa.

Sasa tufuate njia ya dizeli. Kutoka tenki inapanda kwa bomba hadi filta ya kwanza, ile yenye kikombe cha kutenganisha maji. Inaingia pampu ndogo. Kutoka hapo inasukumwa kupita filta ya pili, inafika pampu kubwa. Kwenye injini za kisasa pampu kubwa inajaza reli, yaani bomba nene linalotunza dizeli ya presha kubwa, na reli inagawia nozeli zote zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Ziada inarudi tenki. Kuna malori ambayo pampu ndogo iko ndani ya tenki, kwa hiyo angalieni lori mlilonalo mbele yenu. Lakini mengi yanayopita hapa kwetu yako hivi nilivyosema, na mgawanyo wake ni huu: kutoka tenki hadi pampu ndogo ni upande wa kuvuta, kutoka pampu ndogo kwenda mbele ni upande wa kusukuma.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ninapoona vijana wengi wanapotea. Upande wa kusukuma ukivuja, unaona. Dizeli inadondoka, vumbi linashika, harufu inakuita. Upande wa kuvuta ukivuja huoni kitu. Injini ikiwaka, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Fundi anapita na tochi, anaona pakavu, anasema hakuna linalovuja. Pakavu ndipo penye tatizo! Hewa inaingia, pampu inapata dizeli iliyochanganyika na mapovu, na mapovu yanaminyika kama mpira wa miguu. Ndiyo sababu sindano inacheza badala ya kutulia.

Dalili yake nyingine inakuja gari likilala. Kwa sababu hewa inapenya, dizeli iliyo kwenye bomba inateremka taratibu kurudi tenki, na asubuhi unapiga starta muda mrefu. Zamani, tulipokuwa tunasubiri kivuko pale Kigongo kwenda Busisi, foleni yenyewe ilikuwa kipimo. Lori lilizimwa saa nyingi, na lenye kunyonya hewa lilijulikana kivuko kilipofika, maana wenzake waliwaka, lenyewe likakataa, na nyuma watu wanapiga honi. Tangu Juni 2025 tunalo daraja, kilomita 3 juu ya maji, lori linapita moja kwa moja. Tunashukuru sana kwa daraja. Ila dereva wa leo anaweza kufika Geita hajui kama bomba lake linanyonya hewa, atajua kesho alfajiri akiwa mbali na fundi wake.

Pia mjue kwamba pampu haina mkono wa kuvuta dizeli. Inapunguza presha mbele yake, na hewa ya nje inayokandamiza dizeli ndani ya tenki ndiyo inayoisukuma ipande. Pwani hewa hiyo ina kama kilopaskali 101. Hapa kwetu, ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, tunabaki na kama 88. Msukumo tulionao ni mdogo kuliko wa Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Bomba lililobonyea kidogo, ambalo huko pwani lingevumilika, huku linaanza kusumbua mapema.

Kwa sababu hiyo hiyo, tundu la hewa la tenki si pambo. Likiziba, dizeli inapungua na hewa haiingii kujaza nafasi, msukumo unakwisha. Lori linatoka sevisi, linapelekwa kuoshwa, tope linaingia kwenye tundu la mfuniko. Au mfuniko umepotea, utingo amefunga tenki kwa nailoni na kamba. Likitoka linakwenda vizuri, baada ya saa moja au mbili presha inashuka. Ukifungua mfuniko unasikia hewa inaingia kwa sauti, na geji inapanda mbele ya macho yako. Fungueni mfuniko kwanza. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Mfuniko ukiwa hauna kosa, chukueni mpira mweupe, ule unaoona ndani, upana sawa na bomba lenu, mfunge kati ya filta ya kwanza na pampu ndogo. Washeni injini mtazame. Baada ya kubadili filta mapovu machache ni ya kawaida, hewa iliyobaki inatoka. Injini ikishatembea dakika kadhaa dizeli iwe safi kama maji ya kisima. Mapovu yakiendelea, yanaingia mahali fulani kabla ya mpira ule. Hamishieni mpira nyuma ya filta, upande wa tenki. Mapovu yakitoweka hapo, kosa liko kwenye filta yenyewe, yaani mpira wa kuzibia, kikombe cha maji, bolti ya kumwagia maji iliyobaki nusu. Yakiendelea, fuateni bomba kwenda tenki.

Kipimo cha pili ni dumu. Jazeni dizeli safi kwenye dumu safi, liwekeni juu usawa wa pampu, chomoeni bomba la tenki, pampu inywe kwenye dumu. Geji ikipanda na kutulia, pampu imejitetea yenyewe mbele ya tajiri, hakuna atakayeinunulia mbadala. Tatizo liko tenki au njiani. Kagueni chujio lililoko chini ya bomba la kunyonyea, na mpira uliozeeka ambao nje unaonekana mzima, ndani tabaka lake limebanduka na kujikunja linapovutwa.

Mwenye uwezo anunue geji mbili, moja ya kupima mvuto upande wa kuvuta, nyingine ya presha upande wa kusukuma, azisome kwa pamoja. Geji moja inakwambia kuna shida, mbili zinakwambia iko wapi. Presha ikiwa chini na mvuto ni mkubwa, njia imeziba. Mimi mvuto ukikaribia theluthi ya bar sihitaji kuambiwa, natafuta mahali palipoziba. Presha ikiwa chini na mvuto nao mdogo, ama hewa inaingia, ama vali ya kurudishia ziada imekwama wazi, ama sasa ndiyo tunaweza kuitazama pampu. Na ukikuta presha kabla ya filta ya pili ni nzuri, baada yake imeanguka sana, umefunga filta isiyo ya gari hilo au ya bandia. Filta mpya si ushahidi kwamba filta ni nzuri. Ikateni ile mliyotoa na ile mliyofunga, mtazame karatasi zake. Kikiwa kitu cha kubahatisha mtakiona.

Kufunga nako kuna adabu yake. Futa kichwa cha filta, pitisha kidole kuhakikisha mpira kuukuu umetoka. Mnaona kwa nini nasisitiza. Paka mpira mpya dizeli safi. Filta ya kuzungusha, ikigusa, kaza kwa mkono nusu hadi robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye kopo lake. Wosha za shaba za bolti za bomba zikishaminywa mara moja zitupwe. Ni bei ya soda.

Na hii naomba niiseme kwa sauti. Usijaze filta ya pili dizeli kwa kuimimina kwenye tundu la katikati. Tundu la katikati ni upande wa dizeli iliyokwisha kuchujwa. Uchafu ukiumwaga hapo, hakuna filta nyingine mbele yake, unakwenda moja kwa moja pampu kubwa na nozeli. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70. Nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli ya kisasa ni maikroni chache tu. Chembe ya mchanga wa Nyakato usiyoiona kwa macho ni jiwe mle ndani. Funga filta kavu, kisha tumia pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Itakuchosha, lakini endelea kupampu hadi iwe ngumu. Ukipiga starta na hewa ndani, reli haitajaa. Nyingi zinahitaji kama bar 200 kabla kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, haijaruhusu nozeli kufunguka. Utaua betri na starta, useme sevisi imeharibu gari.

Upande wa reli nitasema kwa kifupi, ila kuna mahali pa hatari sitaparuka. Ukiunganisha mashine ya kupimia, ile inayosoma kompyuta ya injini, soma namba mbili pamoja, presha inayotakiwa na presha iliyopo. Zikitembea pamoja, reli ni nzima, tafuta ukosefu wa nguvu kwingine, labda mpira wa tabo, ile inayosukumia injini hewa, umechomoka ulipokuwa unatoa filta ya hewa. Iliyopo ikibaki nyuma gari likiwa na mzigo, rudi kwenye presha ndogo kabla ya yote, kwa sababu pampu kubwa haiwezi kusukuma isichopewa. Nozeli zinazorudisha dizeli nyingi zinaweza kushusha reli, ndiyo, lakini hizo hazikuguswa na sevisi yako. Zipime baadaye kwa chupa, linganisha moja na nyingine.

Namba ikiwa haina akili, shuku sensa. Injini inanguruma, mashine inasema presha ya reli ni sifuri. Haiwezekani, injini hiyo ingezima. Au lori limelala usiku kucha na linasoma mamia ya bar. Sensa nyingi za reli zina waya tatu na zinapewa volti 5. Swichi ikiwa imewashwa, injini haijawaka, waya wa ishara huwa kwenye kama nusu volti. Ukikuta kitu kingine, safisha soketi, angalia pini iliyorudi nyuma, angalia waya uliobanwa na klipu uliyoirudisha kwa haraka.

Sasa hatari. Sikilizeni nyote, na utingo zaidi, kwa sababu ndio mnaotumwa “hebu shika hapo”. Reli ikiwa kazini ina bar 1,600, nyingine 2,000 na zaidi. Dizeli inayotoka kwenye ufa mdogo kwa presha hiyo inatoboa ngozi, inapita glavu, inaingia kwenye nyama. Mwanzoni hata haiumi sana, kama mwiba. Baada ya saa chache mkono unavimba na kuanza kufa. Usitafute kuvuja kwa kiganja. Tumia kipande cha boksi kwenye ubao mrefu. Usilegeze nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inawaka, ule utaratibu wa injini za zamani usiulete huku. Zima, subiri presha ishuke, ndipo ufungue. Na likitokea kwa bahati mbaya, mtu asifungwe kitambaa akaambiwa apumzike. Apelekwe hospitali kubwa saa ile ile, hapa kwetu Bugando, na muwaambie madaktari wazi kwamba ni dizeli ya presha iliyoingia mwilini, maana tundu lenyewe dogo litawadanganya. Mkono wa kijana wa watu haulipiki kwa ng'ombe.

Madereva, nanyi nawaomba kitu kimoja. Kabla hamjaleta gari sevisi, andikeni namba. Presha kwenye sailensa injini ikiwa na moto, presha mlimani lori likiwa na mzigo. Andikeni hata kwenye mfuniko wa dashibodi. Fundi akiwa na namba ya jana, ya leo itamwambia kitu. Akikosa ya jana atakisia, na tajiri ndiye atakayelipia makisio. Kila asubuhi fungueni ile bolti ya chini ya kikombe mmwage maji kidogo. Tenki linalolala nusu tupu karibu na ziwa linatoa jasho ndani, na maji hayo yanashuka chini kabisa, ndiko bomba linakonyonyea.

Lori mnaloliona nyuma yangu limetoka sevisi jana, si hapa. Dereva wake yuko nasi. Anasema lilikuwa linasoma bar 4 kwenye sailensa, sasa linasoma 2 na nusu na sindano haitulii. Limepakia, linatakiwa kuwa Shinyanga kabla ya jua kuzama. Sijaligusa, nimewasubiri. Wewe mwenye ovaroli ya bluu, panda ufungue mfuniko wa tenki, utuambie unasikia nini. Mwenzako alete mpira mweupe na klipu mbili.